Hakusubiri Filimbi

Ofisi ya Ligi ya Ohio ya Chini
Marlow, Indiana
11 Novemba 2024

Mpendwa Bi. Crabtree,

Kwanza nakupa pole kwa kufiwa na mumeo. Jirani yako aliyepokea simu aliniambia mlimzika mwezi uliopita, na kwamba wewe husikii vizuri kwenye simu, ungependa niandike. Basi naandika kwa mkono. Utanisamehe mwandiko, shuleni kwetu tulizoeshwa kuchapa tu.

Naitwa Graham Pettus, nashughulikia habari za ligi hii ya mpira wa kikapu wa vyuo. Machi ijayo mashindano yetu ya kufunga msimu yatachezwa kwa mara ya hamsini, nami nimepewa kazi ya kuandika kitabu cha historia yake. Nimeshaandika jinsi yalivyoanza mwaka 1976 ndani ya banda la maonyesho ya ng'ombe hapa Marlow, kwa sababu wakuu wa vyuo walichoka kuona timu zilizofungwa mapema zinakata tamaa tangu Januari. Tangu mwaka huo anayeongoza msimu mzima hana chochote mkononi. Anayeshinda Machi ndiye peke yake anayekwenda mashindano ya taifa. Nimeandika pia ile theluji ya 1978, timu zilipolala bandani juu ya majani ya mifugo, na refa aliyepigwa na pai.

Lakini ukurasa ninaoupenda kuliko zote ni wa fainali ya 1981. Hakuna shabiki asiyeijua. Tolliver wanaongoza kwa pointi moja, honi ya mwisho inalia, watu wanamiminika uwanjani, na Wendell Crabtree anapanda ngazi na mkasi kuukata wavu kama washindi wanavyofanya. Kumbe refa alishapuliza faulo kabla ya honi, ila kwa kelele zile hakuna aliyesikia. Mchezo haujaisha, na wavu umeshakatwa nusu! Saint Bruno wanapewa mitupo yao miwili, wanapata mmoja, pointi zinalingana. Halafu wanaongezewa mtupo wa adhabu kwa sababu Tolliver wameharibu kikapu. Wanaupata. Basi, wamekwenda taifa.

Ukurasa huo nimeuita "Hakusubiri Filimbi". Je, unayo picha ya siku ile? Na unaweza kunipa kumbukumbu moja fupi, jinsi Bwana Crabtree alivyokuwa akiicheka hadithi hiyo?

Wako kwa heshima,
Graham Pettus

*

Tolliver, Kentucky
19 Novemba 2024

Bwana Pettus,

Barua yako nimeipata, na mwandiko wako unasomeka. Asante kwa pole.

Picha ninayo, naiweka humu. Ilipigwa na kaka yangu. Wendell yuko juu ya ngazi, ameshika wavu kwa mkono wa kushoto, kinywa wazi. Mimi ni yule msichana chini, niliyebeba koti lake. Nilikuwa bado sijaolewa naye. Banda lilikuwa linanuka ng'ombe, na mama yake alikuwa mlangoni anauza supu ya maharage kwa ajili ya kanisa. Aliposikia honi aliliacha sufuria likaungua.

Umeuliza alivyokuwa akiicheka. Alikuwa akicheka, ni kweli. Alifanya kazi ya kukata nyasi za barabara za wilaya mpaka alipostaafu, na kila asubuhi alipowasha mashine wenzake walimwambia, "Subiri filimbi, Wendell!" Kwenye chakula cha kanisa akinyoosha mkono kuchukua kuku, utasikia, "We Wendell, filimbi bado!" Binti yetu alipozaliwa kabla ya miezi kutimia, muuguzi, mtu mzima kabisa, akasema, "Amemfuata baba yake huyu, hasubiri." Wendell alicheka na muuguzi. Mtoto aliishi wiki moja.

Siku ya mazishi mchungaji alisimama mbele ya jeneza akasema, "Ndugu yetu Wendell ametutangulia, kwa mara nyingine hakusubiri filimbi." Watu wakacheka kwenye leso zao. Hakuwa na nia mbaya. Lakini mimi nilikuwa nimekaa pale mbele, na mwenye kucheka ili wengine wasione vibaya hakuwepo tena.

Kwa hiyo nakuambia wewe, kwa kuwa unaandika historia. Wendell hakupanda kwa kiherehere. Alitumwa. Wale wa televisheni walikuwa wanakunja nyaya zao waende zao, na Kocha Meeks alitaka waonekane wakikata wavu, ili vijana aliotaka kuwasajili mwaka unaofuata waone. Alimtia Wendell mkasi mkononi akamsukuma mgongoni. "Panda, Crabtree! Kamera zinaondoka! Panda!" Nilikuwa karibu kama ulivyo wewe na karatasi hii.

Naomba ukurasa wako useme hivyo. Sina ombi jingine.

Oleta Crabtree

*

Marlow
2 Desemba 2024

Mpendwa Bi. Crabtree,

Nimeisoma barua yako mara nyingi. Niliguswa sana, hasa na habari ya mtoto. Nisamehe kwa neno "cheka".

Picha ni nzuri mno. Haijawahi kuonekana popote.

Ila kuhusu Kocha Meeks sina la kufanya peke yangu. Ameshinda mashindano haya mara sita, kombe lina jina lake, na ukumbi wa chuo chenu una jina lake. Siku ile aliiambia kamati, na magazeti yaliandika, kwamba kijana alizidiwa na furaha. Refa amefariki. Kamati yote imefariki. Mkubwa wangu hapa ofisini amesema tutaandika kwamba alitumwa ikiwa kocha mwenyewe atakubali, vinginevyo haiwezekani.

Yupo, ana akili zake, anaishi Florida. Anwani yake nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Nadhani akisikia kutoka kwako itakuwa tofauti na kusikia kutoka kwangu.

Wako,
Graham Pettus

*

Tolliver
9 Desemba 2024

Kocha Meeks,

Ni Oleta wa Wendell. Najua ulipata habari, maana maua yako yalifika, yale meupe, na kadi yenye saini yako. Niliyaweka upande wa kichwa.

Nasikia unaendelea vizuri na unatembea asubuhi. Huku baridi imeingia mapema. Nyumba ni ileile, ya nyuma ya kinu cha nafaka, ulikuja mara moja kula tulipooana. Ulikula sahani mbili za maboga ukamwambia Wendell, "Oa huyu mara ya pili."

Ofisi ya ligi inaandika kitabu. Wataandika ile fainali. Nataka kukuomba jambo moja, na ninakuomba bila hasira. Waambie ni wewe uliyemwambia apande.

Sikuwahi kukuandikia juu ya hili kwa sababu yeye alinikataza. Nilitaka kusema tangu wiki ile ile. Akaniambia, "Mwache mzee, Oleta." Wewe ulikuwa hujafika hata miaka arobaini, lakini kwake ulikuwa mzee tangu siku ya kwanza. Alinieleza mara moja tu ulivyomwambia ndani ya basi mkirudi nyumbani. Ulikaa kiti cha pembeni yake, ukamshika goti, ukasema, "Crabtree, wewe unahitimu Mei. Mimi ndiyo kwanza naanza." Akakuelewa. Akakwambia, "Sawa, Kocha." Halafu akahitimu Mei, na wewe ukaanza.

Sikulaumu kwa kumtuma. Nani angejua kuna filimbi? Hata mimi sikuisikia, nilikuwa napiga kelele kama mwendawazimu. Nakuuliza kwa yaliyofuata.

Msimu ule hatukufungwa na chuo chochote cha ligi mpaka fainali ile. Taifa hatukwenda, na msimu kama ule chuo chetu hakijaupata tena hadi leo nikiandika. Watu walihitaji mtu wa kumwekea hilo, wakamwekea yeye, na yeye akalibeba akitabasamu. Sasa amelala. Mtue.

Oleta

*

Ocala, Florida
28 Desemba 2024

Oleta, binti yangu,

Barua yako imenikuta na wajukuu wamejaa nyumba nzima, nikaenda kuisomea gereji nipate utulivu. Umenirudisha mbali! Yale maboga nayakumbuka kama jana. Mke wangu, Mungu amrehemu, hakuwahi kupika maboga baada ya hapo bila mimi kumwambia, "Si kama ya Oleta."

Wendell alikuwa mmoja wa vijana wangu wazuri. Nasema hivi kwa watu wote. Hakuwa na kasi, hakuwa mrefu kiasi hicho, lakini ukimwambia simama hapa, utarudi kesho umkute amesimama hapo. Makocha wa leo hawana mtu wa namna hiyo.

Siku ile, Oleta, nitakwambia ukweli wangu. Nakumbuka kelele. Nakumbuka mkasi ulikuwa mfuko wangu wa koti tangu asubuhi, kwa kujiamini kwangu kwa kipumbavu, nikampa mtu. Nani alisema nini baada ya hapo, mimi mwenyewe sikujisikia. Ukiwa na umri wangu utaona mambo yanavyochanganyika. Nimefundisha fainali nyingi, na zote zina ngazi.

Ila usihuzunike. Yule kijana wa ofisini nitamwandikia mwenyewe. Nitaandika maneno mazuri juu ya Wendell, yatakayokaa kitabuni milele. Nakuahidi kama kocha wake.

Uvae nguo nzito, baridi ya huko naijua.

Harlan Meeks

*

Tolliver
6 Januari 2025

Kocha,

Sikutegemea ungejibu upesi hivyo, wala kwa upole hivyo. Nilikuwa nimejiandaa kwa ubaya, na sasa naona aibu kidogo. Nimemsomea barua yako dada yangu. Akasema, "Hajasema atasema." Nikamwambia hamjui Kocha, yeye akishaahidi kitu anafanya.

Nilikwenda makaburini jana. Theluji ilikuwa bado haijakanyagwa. Nikamwambia Wendell, maana huwa naongea naye, usinikasirikie, nimemwandikia mzee na amekubali.

Asante.

Oleta

*

Marlow
13 Januari 2025

Mpendwa Bi. Crabtree,

Habari njema! Maneno ya Kocha Meeks yamefika. Mkubwa wangu ameyapenda hata anataka yawe mwanzo kabisa wa kitabu, kabla ya historia yenyewe. Nakunakilia sehemu inayohusu Bwana Crabtree:

"Watu huniuliza kuhusu fainali ya 1981. Wananiuliza kama nilimkasirikia yule kijana. Nawajibu, sikumkasirikia hata dakika moja. Wendell Crabtree alikuwa na moyo mkubwa kuliko subira yake. Ndani ya basi siku ileile nilikaa karibu naye, nikamshika, nikamwambia yamekwisha. Nilimsamehe kabla hatujavuka mto. Kocha asiyejua kumsamehe kijana hafai kushika filimbi."

Nilipoifikia sehemu ya basi nilikukumbuka wewe. Najua si hasa ulichoomba. Lakini nadhani watu wakisoma hivi hawatamcheka tena, watampenda. Unaonaje?

Wako,
Graham Pettus

*

Tolliver
18 Januari 2025

Bwana Pettus,

Umeniuliza naonaje.

Barua yako niliisoma nimesimama jikoni, nikakaa, nikaisoma tena, nikaona nimewasha jiko na sijaweka kitu juu yake.

Amemsamehe. Amemtuma, akamwachia lawama, akamwomba anyamaze, na sasa amemsamehe. Na mahali alipomwomba anyamaze ndipo amepageuza kuwa mahali pa msamaha. Ni basi lilelile, kiti kilekile. Kumbe anakumbuka vizuri kuliko alivyoniambia.

Wendell angeisoma hii angesema, "Maneno mazuri hayo, mzee anajua kuandika." Kwa hilo nina hasira na Wendell pia. Unaweza kuwa na hasira na mtu uliyemfulia shati la kuzikiwa. Sikujua.

Toa hayo maneno. Toa na ukurasa wako wa "Hakusubiri Filimbi". Kama hamwezi kuandika ukweli, basi msiandike uongo juu yake. Hilo nadhani lipo ndani ya uwezo wako, bila kumwomba mtu ruhusa.

Oleta Crabtree

*

Marlow
10 Februari 2025

Mpendwa Bi. Crabtree,

Nakutumia kitabu, kimetoka kiwandani Ijumaa, na cha kwanza nimekifunga kwa ajili yako. Nimefanya kama ulivyotaka. Haikuwa rahisi. Mkubwa wangu alisema kitabu bila hadithi ya wavu ni kama chai bila majani, lakini nilishikilia. Nimepitia kila ukurasa. Hutakuta mahali popote panapomcheka Bwana Crabtree.

Kuna jambo jingine ambalo litatangazwa wiki ijayo, nami nataka ulisikie kwangu kwanza. Vyuo vinne vinahama kwenda ligi kubwa zenye televisheni. Saint Bruno ni kimojawapo. Vilivyobaki havitoshi. Mashindano ya Machi hii yatakuwa ya hamsini na ya mwisho, na ofisi itafungwa Juni. Nilidhani naandika historia ya kitu kilicho hai.

Umenifundisha mengi katika barua hizi. Natumaini sasa utapata amani.

Wako,
Graham Pettus

*

Tolliver
15 Februari 2025

Mpendwa Graham,

Nitakuita Graham, maana wewe ni mtoto wa watu na najua umefanya hivi kwa wema.

Nimekifungua kitabu mezani nikiwa nimevaa miwani. Nimesoma mwaka 1976, nimesoma theluji, nimesoma refa na pai. Umeandika vizuri, nilicheka kwenye pai. Kisha nikafika 1981.

Umeandika Saint Bruno sitini na mbili, Tolliver sitini na moja, "baada ya dakika za mwisho zenye utata". Umeandika wafungaji wa Tolliver. Wapo kina Boyd, wapo kina Hatcher, hata yule mtoto wa daktari aliyefunga pointi mbili kwa bahati. Nimezijumlisha na kidole. Hazifiki sitini na moja. Zinapungua ishirini na mbili.

Picha ya kaka yangu umeiweka, asante. Umeikata juu. Ngazi ipo. Mimi nipo, na koti lake mikononi, natazama juu. Viatu vyake vipo kwenye kipandio cha nne, na soksi zimeshuka, ya kulia zaidi ya ya kushoto, maana mguu ule alikuwa haukunji vizuri tangu aanguke na farasi. Juu ya soksi ukurasa umekwisha. Chini yake umeandika, "Shabiki wa Tolliver baada ya fainali." Shabiki huyo ni mimi. Natazama kitu gani?

Nilimtafuta nyuma kwenye majina ya wachezaji wote wa miaka hamsini. Kuna Cox, kuna Cravens. Katikati yao hakuna mtu.

Mwanangu, nilikuomba utoe uongo. Sikukuomba umtoe yeye.

Sasa naona walau walipomcheka walikuwa wakimtaja. Mtu akisema "Subiri filimbi" ilibidi amgeukie yeye. Mrudishe. Mrudishe hata kama ni kwa njia mbaya, kabla kitabu hakijauzwa.

Oleta

*

Ocala, Florida
17 Februari 2025

Oleta, binti yangu,

Kitabu kimenifikia. Nilishangaa kuona hawakuweka maneno yangu, nikampigia yule kijana, akaniambia ni wewe uliyeomba yatolewe pamoja na hadithi nzima ya wavu.

Nilikaa nikafikiri, na nadhani nimekuelewa. Hukutaka mzee kama mimi aanze kuulizwa maswali mwishoni mwa safari yake. Umeamua kuyaacha yaliyopita yapite. Huo ni uungwana, na ni vilevile ambavyo Wendell angefanya. Mlifanana sana nyinyi wawili.

Wananileta Marlow kwa fainali ya mwisho. Nitatoa kombe. Nimewaambia wakuwekee kiti karibu na changu, mstari wa mbele, na mto wa kukalia, maana viti vya pale ni vya mateso. Njoo. Tupige picha pamoja, wawili tuliobaki.

Harlan Meeks

*

Marlow
21 Februari 2025

Mpendwa Bi. Crabtree,

Sijui nianze wapi. Nililitafuta jina kwenye kompyuta, kila lilipotokea nikalifuta, nikajiona nimekufanyia jambo kubwa. Sikufikiria hata pointi. Nilipoisoma barua yako nilitoka nje nikasimama kwenye maegesho.

Kitabu hakiwezi kuchapwa upya. Ligi inafungwa na hakuna atakayelipia. Vitabu viko kwenye maboksi hapa miguuni pangu, vitauzwa mlangoni kuanzia siku ya kwanza ya mashindano, tarehe 6 Machi. Ninachoweza ni hiki: kuchapisha kikaratasi hapahapa ofisini na kukibandika kwa gundi kwenye ukurasa wa 1981, kitabu kwa kitabu. Nitavibandika mwenyewe vyote. Nafasi inatosha maneno machache tu.

Mkubwa wangu amekubali, kwa sharti lilelile la mwanzo. Kama kikaratasi kitasema kocha alimtuma, kocha akubali. Nimempigia tena. Alikuwa mchangamfu sana. Alisema, "Kijana, mimi niko tayari wakati wowote, tumia yale yale niliyoandika." Yaani ya msamaha. Nikamwuliza waziwazi, Kocha, ulimwambia apande au hukumwambia? Akasema, "Pale palikuwa na kelele, mwanangu." Halafu akaniuliza hali ya hewa.

Kwa hiyo ni msamaha wake, au kitabu kibaki kilivyo. Naona haya kukuletea chaguo kama hili. Amua wewe, nami nitafanya.

Graham

*

Tolliver
26 Februari 2025

Mpendwa Graham,

Nimekaa na barua yako siku kadhaa. Dada yangu alikuja, akaniambia nikubali ule msamaha, "angalau jina lake litakuwemo." Tuligombana. Akaondoka bila kunywa kahawa, akarudi baada ya robo saa kwa sababu alisahau glavu, na tukanywa.

Nilikwenda kwa Wendell. Mara hii sikuongea.

Unajua, wakati anaumwa nilimwuliza. Nilimwuliza kwa nini hukusema kamwe, hata wakati wa mtoto, hata alipostaafu yule mzee na akapewa ukumbi mzima. Akasema, "Kwa sababu nilipokuwa juu nilifurahi, Oleta. Hakuna aliyenilazimisha kufurahi." Ndilo jibu nililopata. Sijui kama lilikuwa jibu. Lakini ni lake, na kocha hayumo ndani yake.

Basi kocha asiwemo. Umesema sharti ni kwake kukubali kama akitajwa. Usimtaje. Hapo hakuna wa kumwomba ruhusa. Andika hivi, usiongeze wala usipunguze:

"Wendell Crabtree wa Tolliver alifunga pointi ishirini na mbili katika fainali ya 1981. Ndiye aliyepanda ngazi na kuukata wavu."

Kila neno hapo ni kweli. Najua wasioifahamu watasoma wapite. Najua wanaoifahamu watacheka, watagusana mabega, watasema hakusubiri filimbi. Na najua ya kwamba kwa sentensi hiyo nimemwacha apande peke yake tena, bila mkono mgongoni, na safari hii ni mimi niliyemtuma. Nimelipima hilo. Nimeona bora wamcheke kuliko nitazame juu ya ngazi isiyo na mtu.

Kocha ameniwekea kiti karibu na chake, na mto. Mwambie sitakuja. Akikuuliza sababu, mwambie palikuwa na kelele, hukusikia vizuri.

Ukibandika, tafadhali usiwe na haraka na gundi. Ibonyeze vizuri pembeni, isije ikabanduka.

Oleta Crabtree